Daftari, mchu na jicho: barua kwa mdogo wangu

Uppsala, Uswidi, Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Baba pia. Huku sasa jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Ukitaka kutaja saa kwa Kiswahili watu wanakushangaa. Dar mchana haupishani hata saa moja mwaka mzima, ndiyo maana hesabu yetu ya kuanzia alfajiri inatukaa.

Umeandika kwamba miti unayochora kutoka kwenye picha za simu inatoka kama mapambo ya kanga. Simu ndiyo yenye kosa, mkono wako hauna neno. Picha imeshakuamulia cha kutazama. Nenda mikokoni Kunduchi, hapo pwani ya Dar, ukachore papo hapo.

Kwanza maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Ingia muda wa saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, toka maji yanapogeuka. Usidanganyike na saa ya kwanza ya kujaa, huwa polepole mno. Maji ya bamvua yakipanda mita 3 kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda robo mita tu, ila saa ya tatu na ya nne hupanda sentimita 75 kila moja. Hapo ndipo watu hukatiwa njia. Vaa raba kuukuu zilizofungwa kamba. Kandambili tope litazimeza zote mbili.

Chukua daftari lisilo na mistari, penseli ya HB na ya 2B, rula, na mfuko wa plastiki. Wino acha nyumbani, tone moja la maji huuvuruga ukurasa. Kifutio pia acha: mstari ukikosea, chora wa sahihi kando yake, ili kesho uone jicho lilipoteleza.

Kabla ya kuchora mti wowote, ujue chombo chako kina dosari gani. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na kulia kwake, umbali wa sentimita 8, nukta nene kama punje ya choroko. Fumba jicho la kushoto, la kulia likazie msalaba, kisha sogeza karatasi polepole kutoka urefu wa mkono. Ikifika kama sentimita 30, nukta inatoweka. Huoni shimo, unaona karatasi nyeupe. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotoka ndani ya jicho, hakuna chembe za kupokea mwanga, na ubongo umejazia kwa kukisia, bila kukuomba ruhusa.

Hivyo hivyo hukujazia mizizi. Unajua neno "mizizi", basi mkono unachora vijiti vinavyoshuka ardhini. Tazama miti mitatu ya hapo mikokoni, mkoko wenyewe, mchu na mlilana: mizizi ya mkoko hutoka juu ya shina, ikapinda kama matao hadi topeni. Ya mchu huchomoza kutoka topeni kwenda juu, myembamba kama penseli. Ya mlilana nayo huchomoza, lakini ni minene, kama karoti zilizopinduliwa. Funga kamba ya mita 2 kwenye vijiti vinne, upate mraba wa nusu mita kila upande, uhesabu iliyomo. Andika idadi, saa, na kama ardhi ina maji. Mchoro usio na kipimo ni mzuri kwa ukuta tu.

Kisha chuma jani moja la mchu, siku ambayo mvua haijanyesha, ulirambe. Ni chumvi. Mchu huzuia chumvi nyingi mizizini, na inayopenya huitoa kwa tezi za majani. Ukipenda, sema unatoka jasho. Mkoko hauna tezi hizo, hutegemea kuzuia. Lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lita ya dripu ya hospitali, iliyolinganishwa na damu, ina gramu 9. Figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko bahari, kwa hiyo anayekunywa maji yake huzidi kukauka. Hapo mti umetushinda.

Kuna Mhispania mmoja, Santiago Ramón y Cajal, aliyetamani uchoraji, baba yake akamwelekeza kwenye udaktari. Alitumia rangi ya Mwitaliano Camillo Golgi, ambayo hupaka seli chache tu za ubongo kati ya nyingi, na kwa sababu ni chache zinaonekana kila tawi. Golgi aliamini seli hizo ni wavu mmoja ulioungana. Cajal, akichora, aliona kila seli inaishia peke yake. Mwaka 1906 waligawana Nobel, bado hawajakubaliana. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi.

Kila dakika 20 inua macho, tazama mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Msuli unaorekebisha lenzi ya jicho huchoka kwa kutazama karibu, na mstari huanza kuwa mzito bila wewe kujua. Mstari mrefu uvute kwa bega, mfupi kwa kifundo cha mkono. Kunywa maji kabla ya kiu.

Ukurasa wa kwanza upige picha mchana, kivulini, usitumie taa ya simu, penseli itang'aa. Unitumie na ule wenye makosa.

Kaka yako