Risala ya Klabu ya Afya na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, Mei 31

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Urambo, mkoani Tabora. Umetukuta msimu wa masoko ya tumbaku, marobota yamejaa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na huenda ukashangaa kwamba siku hii inaadhimishwa hapa. Sare na madaftari ya wengi wetu yamenunuliwa kwa fedha ya tumbaku. Hatuoni haya kulisema hilo mbele ya wazazi wetu.

Mgeni Rasmi, kilimo na uvutaji nchini mwetu havifuatani. Uzalishaji ulishuka baada ya mnunuzi mmoja mkubwa kujiondoa, kisha ukapanda hadi kupita tani 120,000 msimu wa 2022/2023. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7 tu ya watu wenye miaka 15 na kuendelea: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Jani letu kwa sehemu kubwa huuzwa nje, kwa dola. Kwa hiyo anayedai kwamba kijana wa Kitanzania akiacha sigara mkulima atalala njaa, anatutisha bure.

Kinachotuumiza sisi ni bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa takriban wiki nzima, moto usizimike usiku wala mchana, na kuni zinatoka kwenye miombo. Miti hupandwa, ni kweli. Ila huhesabiwa siku ya kupandwa, na kiangazi kikipita hakuna anayerudi kuihesabu.

Tena kuna uchumaji. Majani yakiwa na umande, nikotini hupenya kwenye ngozi. Kichwa huuma, mtu hutapika. Wenzetu wanaosaidia shambani hukosa vipindi kwa sababu hiyo.

Sheria ya 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini anayenunua moja moja haulizwi umri.

Tunaomba glovu ziingizwe kwenye pembejeo za mkopo, mabani yanayotumia kuni chache yawafikie wakulima wadogo, na miti ihesabiwe ikiwa na miaka mitatu. Klabu imeotesha miche nyuma ya bwalo. Tunakuomba uikague kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.