Fomu za mtandaoni zisimpokonye mjazaji kibodi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaotengeneza fomu za mtandaoni. Hapa Dodoma wengi huwaachia vijana wa steshenari wawajazie maombi, na vijana hao hufanya kazi vidole vikiwa kwenye kibodi. Kila wanapolazimika kushika mausi, foleni inasimama. Asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, hana hata hiyo mausi ya kukimbilia.

Kosa linaloniudhi kuliko yote liko kwenye mkoa na wilaya. Kisanduku cha wilaya hufungwa kwa "disabled", amri inayokizuia kutumika, mpaka orodha ifike kutoka kwenye seva. Mtu akichagua Dodoma na kubonyeza Tab, kitufe cha kwenda kisanduku kinachofuata, mtandao ukiwa mzito, kivinjari kinakiruka kisanduku hicho, naye anajikuta kwenye kata. Kiacheni wazi kikiwa na chaguo moja, "Inapakia", kisha skripti (msimbo unaoendesha fomu ndani ya kivinjari) iingize Bahi, Chamwino, Kondoa na nyingine zikishafika. Wala msimhamishe mtu kwenda kisanduku kinachofuata kwa tukio la "change", yaani mara tu chaguo linapobadilika. Kwenye Windows, kitufe cha mshale wa chini hubadilisha chaguo hatua kwa hatua, hivyo anayetoka Arusha kwenda Dodoma atatolewa kisandukuni akiwa bado Dar es Salaam.

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) nayo ina tarakimu 20, kwa mafungu ya 8, 5, 5 na 2. Wengine huigawa katika visanduku vinne na kukirusha kishale cha kuandikia mbele kila kimoja kinapojaa. Mtu akibandika namba nzima, kisanduku cha kwanza hubakiza tarakimu 8, zilizosalia zinapotea. Akirudi nyuma kwa Shift na Tab ili arekebishe, skripti inayosikiliza "keyup", yaani kitufe kinapoachiwa, hukuta kisanduku kimejaa na kumrusha mbele tena. Hatoki hapo. Wekeni kisanduku kimoja, "inputmode" iwe "numeric" ili simu ilete kibodi ya namba, na skripti iondoe vistari kabla ya kutuma.

Wanaotaka Enter isogeze kishale wanaweza, na kwa kazi ya kuingiza data ni haki yao. Sikilizeni "keydown", yaani kitufe kinapobonyezwa, kwenye fomu nzima. Mkisubiri "keyup", fomu imeshatumwa. Kama event.key (jina la kitufe kilichobonyezwa) ni "Enter", na mtu hayuko kwenye textarea (kisanduku cha maandishi marefu) wala kwenye kitufe cha fomu, iteni preventDefault() ili kivinjari kisitume fomu, kisha kwa focus() pelekeni kishale kwenye kisanduku kinachofuata katika form.elements, orodha ya visanduku vya fomu. Rukeni vilivyofungwa na vilivyofichwa: kwa kilichofichwa focus() haifanyi chochote, na mjazaji ataona kama kibodi imekufa. Kwenye kisanduku cha mwisho, Enter iachwe itume fomu. Kwa wanaojaza kwa simu, enterkeyhint="next" inatosha kubadilisha alama ya kitufe cha Enter kwenye kibodi ya simu.

Tab yenyewe msiiguse. Tabindex, namba ya zamu ya kisanduku kwa Tab, ikiwa 1, 2, 3 hutangulia visanduku vyote visivyo na namba, kwa hiyo kisanduku kitakachoongezwa katikati mwakani bila namba kitafikiwa mwisho kabisa. Pangeni HTML kwa mfuatano ule ule wa macho. Na skripti ya "blur", tukio la kutoka kisandukuni, inayomrudisha mtu mpaka asahihishe kosa humfungia ndani, hata kama anataka kwenda kuangalia kisanduku kingine kwanza. Andikeni kosa chini ya kisanduku, mwacheni aendelee, mmzuie pale tu anapotuma.

Mtengenezaji wa mifumo,
Kikuyu, Dodoma