MALALAMIKO: Pawa saplai yenu ya "ampea 30" iliyotuharibia siku ya mashindano Tabora

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja
(na bosi wa duka la Kariakoo naye aisome tafadhali)

Habari za kazi ndugu meneja. Naandika kwa niaba ya klabu yetu ya vigari vya sloti hapa Tabora mjini. Nimeshaongea na dada wa wasap, nikaongea na kaka wa ufundi, nikarudishwa kwa dada, mwisho nikaachwa na tiki za bluu bila jibu, sasa nimeona niandike barua kabisa manake maneno ya simu mnayakana asubuhi yake.

Lalamiko ni moja. Mmetuuzia pawa saplai, yaani boksi la kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, iliyoandikwa ubavuni ampea 30, na hiyo kitu haina ampea 30, haitoi umeme mwingi hivo. Sisemi imeharibika, nasema haijawahi kuwa nazo tangu inatoka dukani kwenu.

Kaka wa ufundi alicheka nilipomwambia tunaitumia kwa nini, kwaiyo wacha nieleze. Vigari vya sloti ni vigari vidogo vya kielelezo, vyetu ni vya kipimo cha 1 kwa 32, yaani gari ya kweli ukiigawa mara 32 ndo unapata hiyo, inakaa kiganjani. Chini mbele kuna kipini kinachoingia kwenye mfereji uliochongwa kwenye ubao, na pembeni ya kipini kuna vinyuzi viwili vya shaba vinavyoburuza juu ya tepu ya shaba iliyobandikwa kushoto na kulia kwa mfereji. Umeme unapanda humo mpaka kwenye motor. Dereva anasimama pembeni ameshika kontrola yenye kitufe cha kidole, ukibonyeza sana inakimbia, ukizidisha kwenye kona inachomoka inaruka. Hakuna usukani, kazi yote ni kidole na macho. Na sio kitu cha juzi, Scalextric ya Uingereza ilianza kuuzwa mwaka 1957, Wajerumani nao wana Carrera tangu miaka ya 60, huko kuna wazee wana mvi wanashindana kwa ligi kila wiki. Kwaiyo ile "sasa kaka si ni midoli tu" ya fundi wenu nimeisikia na nimeitunza, voisi ninayo.

Njia yetu tumechonga wenyewe kwenye mbao za MDF kwa mashine ya ruta, laini nne, na kona tumezipa majina ya huku kwetu, kuna Kona ya Nzega, kuna Malagarasi ambayo ni kona mbaya inarudi nyuma kama herufi U, na ile sehemu iliyonyooka tunaiita Reli. Siku zote tulikuwa tunatumia chaja mbili ndogo za kuungaunga, gari mbili mbili. Safari hii tulialika wenzetu wa Kigoma na wawili wa Nzega, tukasema mara moja hii tukimbize laini zote nne kwa pamoja kiheshima, tukachangishana tukanunua kwenu kwa shilingi 165,000 na hela ya kusafirishia mzigo juu. Kabla ya kulipa nilimuuliza dada yenu, je inabeba motor nne za volti 12 kwa mpigo? Akanitumia voisi, nanukuu, "kaka hiyo hata redio ya gari na subwoofer inabeba, usiwe na wasi." Nikalipa lipa namba yenu dakika ileile.

Sasa siku yenyewe. Watu wa Kigoma walisafiri na treni usiku kucha, wameshuka asubuhi na mabegi na zile boksi za zana za wavuvi, humo ndani kila gari imelala kwenye sponji yake, na kimfuko cha migebuka mikavu ya kutuletea. Zawadi ya mshindi ilikuwa ndoo ya asali. Umeme wa mtaa ulikuwepo siku nzima, hili nalisisitiza.

Utaratibu wetu ni kwamba kila dereva anapita laini zote nne, dakika 3 kila laini, mizunguko inajumlishwa, mwenye mingi ndo bingwa. Wasioendesha wanakaa kwenye kona kama waokotaji, gari ikichomoka wanairudisha. Mpango mzuri tu. Lakini unahitaji kitu kimoja, umeme uwe uleule kwa watu wote wanne muda wote.

Mzunguko wa kwanza tu nikaona kitu hakiko sawa. Gari zote nne zinaondoka kama zimebeba mkaa. Zinajikokota. Madereva wanabonyeza mpaka mwisho na bado zinapanda Reli polepole, tukaanza kusema labda vinyuzi vichafu, watu wakafuta, wakachana vinyuzi kwa kucha, hamna kitu. Afu gari moja ikachomoka Kona ya Nzega, ya kawaida tu, na sekunde ileile zile tatu zilizobaki zikapata wazimu. Manake imetoka moja, mzigo umepungua, volti imepanda ghafla kwa waliobaki, na mtu kidole chake kiko palepale hakijasogea, gari inaongeza mwendo yenyewe katikati ya kona. Ikaruka ya pili. Ilivyoruka ya pili ya tatu ikapata umeme zaidi, ikaruka na yenyewe. Muokotaji akirudisha moja, zote zinafifia. Ukiachia wewe, mwenzako anaruka. Yaani unaendeshewa gari na kidole cha jirani.

Kuna mzee mmoja katika wageni, mstaafu wa reli, ana gari ya mbio ndefu aliyoipaka rangi mwenyewe kwa brashi, namba ubavuni kaiandika kwa mkono, hata vioo vya pembeni alivichonga vya plastiki vidogo kama punje ya mchele. Alikuwa anaongoza. Anaingia Malagarasi taratibu kabisa, kwa adabu, na hapohapo laini za jirani gari mbili zikagongana zikatoka. Gari ya mzee ikashtuka ikachomoka ikapita juu ya ukingo ikaenda chini kwenye sakafu ya saruji. Bawa la nyuma likakatika, kioo kimoja hatukukiona mpaka leo, ekseli ya nyuma imepinda. Mzee hakusema neno, aliiokota, akaigeuza akaangalia tairi, akairudisha kwenye boksi akafunga. Mimi ndo niliyemwalika. Ndugu meneja naomba hapo usome mara mbili.

Tukasimamisha mashindano, nikachukua mita ya kupimia umeme. Na hapa ndo fundi wenu alipokuwa ananikatisha kila nikianza kuongea, kwaiyo nayaandika yote.

Nilipima kwenye terminali za pawa saplai yenyewe, sio kwenye njia. Ikiwa haina mzigo, volti 12.2. Gari moja ikikimbia, 11.5. Gari mbili, inashuka kwenye 10. Gari zote nne, 8 na pointi, na inachezacheza. Motor moja ya hizi gari ikishachanganya haivuti hata ampea moja, wakati wa kuondoka ndo inavuta zaidi kidogo, kwaiyo gari nne zote hata uzihesabie kwa ukarimu hazikaribii ampea 10. Pawa saplai ya ampea 30 mzigo huo haipaswi hata kuusikia. Volti 12 mara ampea 30 ni wati 360, sasa boksi lenu ukilibeba ni jepesi kama kopo tupu, na ndani ya nusu saa lilikuwa la moto huwezi kuweka mkono, feni imekaa kimya, na harufu ya plastiki imeanza.

Majibu ya ofisi yenu yalikuwa mawili. La kwanza, "umeme wa huko mikoani ni mdogo." Nilipima soketi ya ukutani, ilisoma 230. Tabora mji wa treni huu tangu enzi za Mjerumani, sio porini, muache hiyo tabia ya kudhani kila tatizo la mteja wa mkoani linatokana na mkoa wake. La pili, "waya zenu za kwenye njia ni nyembamba, zinakula umeme." Hili ni swali la maana, nakubali linaweza kutokea, tepu ya shaba ikiwa ndefu umeme unapungua kule mbali na ndo maana sisi tumevuta waya mnene chini ya ubao unaolisha njia sehemu kadhaa. Ila nimeshasema nilipima kwenye terminali zenu, kabla umeme haujagusa hata waya mmoja wa kwetu. Waya wangu unawezaje kula kitu ambacho bado hakijatoka kwenye boksi lenu?

Na ushahidi mkubwa zaidi ni huu. Jirani wa ukumbi ana betri ya N70 anayotumia kwa sola. Tukaiazima, tukatoa boksi lenu, tukafunga betri kwenye waya zilezile, njia ileile, gari zilezile, kontrola zilezile. Volti ikakaa 12 na kitu, gari zote nne zikikimbia haitetereki. Gari ikichomoka moja, nyingine zinaendelea na mambo yao hazijui kama kuna mtu ameanguka. Tukarudia mashindano kuanzia mwanzo, tukafuta matokeo ya asubuhi, tukamaliza taa zimeshawashwa na wenzetu wa Nzega walikuwa wameshaondoka kuwahi gari ya mwisho, hawakushindana. Mzee alikopeshwa gari akaendesha, lakini gari ya kukopa kila mtu anajua sio yako, kidole hakijaizoea. Asali ilienda Kigoma kwa kijana mwingine, stahili yake kabisa.

Kwaiyo mseme wenyewe. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, boksi lenu limetoka.

Tunachotaka sasa. Tunataka hela yetu 165,000 na gharama ya kusafirisha mzigo. Hatutaki mtubadilishie na nyingine ya aina ileile, dada alishapendekeza hivo, ya nini, stika si ileile? Na ile "bidhaa ikishatoka dukani hairudi" mliyochapa chini ya risiti haiwasaidii hapa, manake hatujabadili mawazo, tumeuziwa kitu tofauti na kilichoandikwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kesi kama hizi, na TBS, shirika la viwango, nao nadhani wangependa kuona stika hiyo. Sijaenda bado. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea hii, baada ya hapo naenda na mita yangu, picha, video ya gari zikirukaruka na voisi ya subwoofer.

Gari ya mzee hatuwadai. Wenzangu wengine walitaka tudai, mimi nikasema bawa na kioo cha kuchonga kwa mkono nitakiwekea bei gani. Ila mkipenda kumpigia simu mzee kumpa pole, namba yake nitawapa akikubali.

Jambo jingine, na hili sio la kwetu. Hizo boksi bado mnaziuza, jana nimeziona kwenye status yenu, "mzigo mpya umeingia". Sisi kwetu imevunjika gari ndogo. Kuna mtu atanunua afungie kamera za duka, au vyombo vya muziki kanisani, aache inawaka usiku kucha na moto ule nilioushika mimi. Toeni ile stika muandike ampea za kweli, hata zikiwa 5, kuna watu wanahitaji 5 na watanunua.

Boksi lenu lipo kwangu, halijafunguliwa skrubu hata moja, stika ya waranti haijaguswa, risiti ipo. Mkitaka kulipima kabla ya kurudisha hela sina shida, tumeni hela ya mzigo nalipandisha basi la Dar kesho yake, au kama mna fundi huku Tabora aje na mzigo wake wa kupimia, tutapima wote mbele ya mashahidi, chai ipo. Ila msimtume yule kaka aliyecheka.

Nijibuni kwa maandishi, sio voisi.

Katibu wa klabu,
Tabora