Kihori gani kinafaa mashua ndogo ya tanga?

Wateja wakija kutafuta kihori, yaani kile chombo kidogo cha kuwavusha kati ya pwani na mashua, swali la kwanza huwa "Kinabeba watu wangapi?" Sisi huanza na jingine: mkishafika mashuani na kila mtu ameshapanda, hicho kihori utakiweka wapi? Mashua ya tanga ya mita 7 hadi 9 haina nafasi ya bure. Kihori kisicho na pa kukaa huishia kukokotwa nyuma msimu mzima, kikipunguza mwendo na kusubiri siku ya upepo ili kipinduke.

Pima mashua kwanza

Chukua maboksi, uyaunge kwa utepe wa gundi hadi upate umbo kamili la kihori unachokitaka, kisha ulilaze sitahani mbele ya mlingoti. Sasa fanya kazi kana kwamba uko safarini. Nanga inapanda na kushuka bila kugusa boksi? Mlango wa sitaha unafunguka? (Moto ukizuka chini, huo ndio mlango wa kutokea, usiuzibe kamwe.) Kamba za tanga la mbele zinapita bila kunasa? Mshika usukani, akiwa amekaa, anaona mbele? Ukipata "hapana" moja, kihori kigumu cha ukubwa huo si chako.

Hapo wengi huhamia kwenye kihori cha kujaza upepo. Ni sawa, ila sasa cha kupima ni mdomo wa sanduku la kuwekea vitu la tezini (nyuma ya mashua), maana ukubwa wa ndani haukusaidii kitu. Kihori cha mita 2.3 chenye sakafu ya vibao hukunjwa kikawa furushi la takriban sentimita 110 kwa 55 kwa 30. Sanduku linaweza kumeza mafurushi mawili ya namna hiyo, lakini kama mdomo wake ni sentimita 45 kwa 45, hata moja halipiti. Tena vipimo vya katalogi ni vya kihori kilichokunjwa kiwandani, hewa yote imetoka. Ukikunja mwenyewe juu ya sitaha inayoyumba, ongeza sentimita kadhaa kila upande, na tumia tundu la pampu linalonyonya ili kutoa hewa iliyobaki.

Halafu uzito. Kilo 25 mtu mzima mmoja huipandisha, kwa tabu kidogo. Ikivuka 35 utahitaji mwenzako, au henza (kamba ya kupandishia tanga) na winchi. Tengeneza kamba ya miguu mitatu, mmoja omo (mbele) na miwili kwenye pembe za tezi, uifunge henza pale miguu inapokutana, na mtu mmoja atainua kihori bila kuumiza mgongo. Jaribu kwanza kikiwa kitupu, maana fundo likikaa vibaya kihori huning'inia kikiwa kimeinamia upande mmoja na kukwaruza ubavu wa mashua.

Ile mikono ya chuma ya kuning'inizia kihori nyuma ya tezi inapendeza kwenye mashua kubwa. Kwenye mashua ya mita 8 hatuishauri. Kihori cha kilo 40 na injini ya kilo 15 vikikaa nje kabisa ya tezi, omo linanyanyuka na mashua inakuwa nzito kugeuka. Mvua ndiyo mbaya zaidi. Sakafu ya mita 1.6 kwa 0.6 ikijaa maji ya kina cha sentimita 10 tu, hizo ni lita 96, yaani kilo 96 za ziada kwenye vyuma ambavyo havikupimwa kwa mzigo huo. Kama tayari unayo mikono hiyo, ning'iniza kihori kikiwa kimeinama kidogo kuelekea nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji), na nguruzi iwe imetolewa.

Ukilazimika kukokota

Toa injini, makasia na tangi la mafuta kabla ya kung'oa nanga. Fungia kamba kwenye pete iliyo chini ya omo la kihori, karibu na usawa wa maji, ili mvuto uinue omo badala ya kulizamisha. Weka na kamba ya pili, ifungwe mahali pengine kabisa, kwa sababu kinachokatika mara nyingi ni pete yenyewe iliyobandikwa kwa gundi, wala si kamba. Rekebisha urefu mpaka kihori kikae kwenye mteremko wa mbele wa wimbi linaloachwa na mashua. Utahisi kamba ikilegea mkononi. Mawimbi yakianza kutoka nyuma, iachie ndefu zaidi, la sivyo kihori kitateleza na kugonga tezi.

Kamba iwe ya polipropilini, inayoelea. Kamba inayozama, mashua ikirudishwa nyuma kwa injini, huenda moja kwa moja kwenye rafadha (panga linalozunguka majini). Hata ile inayoelea ivute ibaki fupi kabla ya kutia gia ya nyuma.

Kigumu au cha upepo

Kihori kigumu, cha plaiwudi au faibaglasi, kinapigika makasia vizuri, kinashika njia, na kuburuzwa kwenye kokoto hakukiumizi sana. Ubaya wake ni kwamba huyumba: ukikanyaga pembeni badala ya katikati, uko majini. Hakikisha kina maboya ya ndani. Kijaze maji hadi juu ukiwa maji ya magotini. Kikiendelea kuelea na ukaweza kukikumba maji kwa upo (chombo cha kutekea maji), kinafaa. Kikizama, kirudishe.

Cha upepo kinatulia mno. Unaweza kupanda kutoka majini bila kukipindua, na kikigusa ubavu wa mashua hakiachi alama. Malipo yake utayatoa kwenye makasia: ni chepesi, kimekaa juu ya maji, na upepo wa usoni hukirudisha ulikotoka. Sakafu ya vibao ni nyepesi na hukunjwa nayo, lakini inalegea miguuni. Sakafu ya upepo wa mgandamizo mkubwa inakuwa ngumu kama ubao na bado hukunjwa. Chenye tumbo gumu na tyubu za upepo ndicho bora majini kuliko vyote, lakini cha mita 2.6 kina kilo 40 hivi kikiwa cha aluminiamu, na 50 au zaidi kikiwa cha faibaglasi, na tumbo lake halikunjwi. Rudi kwenye lile boksi lako kabla ya kukipenda.

Kuhusu kitambaa, PVC ni rahisi na nyepesi, lakini jua kali la kila siku huikausha, na mishono yake iliyobandikwa kwa gundi huanza kuachia. Hypalon, ambayo ni mpira wa kutengenezwa viwandani, hustahimili jua, mafuta na msuguano kwa miaka mingi zaidi, kwa bei ya juu. Mashua ikishinda juani mwaka mzima, lipa hiyo tofauti. Ikitumika wikiendi tu na kihori kikalala ndani, PVC inatosha. Kumbuka gundi zake ni tofauti: PVC hutaka ya poliurethani, Hypalon ya neoprini, zote zile za kuchanganya sehemu mbili. Kiraka kilichobandikwa kwa gundi isiyo yake hakimalizi msimu.

Mzigo halisi

Kibao cha kiwandani kinaonyesha idadi ya watu, uzito wa juu, nguvu ya injini na mgandamizo wa hewa. Idadi ya watu ndiyo inayodanganya, kwa sababu haikumbuki mizigo. Piga hesabu ya safari yako nzito kuliko zote: watu wawili wa kilo 80 ni 160, injini 15, madumu mawili ya maji ya lita 20 ni 40, chakula 20, nanga ndogo na kamba yake 5. Jumla kilo 240. Kikiruhusu 250, umefika ukingoni na bado mawimbi hujayahesabu. Sisi hupenda theluthi moja ibaki wazi, kwa hiyo mzigo huu unataka kihori cha kilo 360.

Pampu na kipimo cha hewa

Tyubu nyingi hutaka kiasi cha baa 0.25 (baa ni kizio cha mgandamizo wa hewa), na sakafu ya mgandamizo mkubwa hufika 0.7 hadi 0.8. Kihori kilichojazwa nusu hujikunja katikati, injini ikasukuma tezi chini na omo likapanda. Kuzidisha nako kuna hatari. Tyubu iliyojazwa baa 0.25 asubuhi kwenye nyuzi 20, ikiachwa ufukoni hadi ifike nyuzi 40, husoma karibu 0.33, bila mtu kugusa pampu. Ndivyo mishono inavyofunguka kwenye vihori vilivyoachwa juani. Kikikaa juu ya nchi kavu mchana, punguza hewa. Kikiingia majini kikapoa, ongeza.

Makasia na injini

Makasia yanayokuja na kihori cha upepo karibu yote ni mafupi. Pima upana kati ya vishikio viwili vya makasia, gawa kwa 2, ongeza sentimita 5, zidisha kwa 25, gawa kwa 7. Upana wa sentimita 110 unatoa sentimita 214. Injini ikigoma huku upepo unakusukuma kutoka pwani, tofauti ya sentimita 60 za kasia ndiyo itakayoamua unafika wapi.

Injini ya nguvu farasi 2 hadi 3 inatosha kihori cha mita 2.4. Kihori kisichoruka juu ya maji kina mwendo wake wa mwisho: kipeuo cha pili cha urefu wake majini kwa mita, zidisha kwa 4.5. Urefu wa mita 2.2 unatoa kilomita 6.7 kwa saa, na nguvu zaidi huishia kuchimba shimo tezini. Nunua ya shafti fupi, takriban sentimita 38. Shafti ndefu itagonga mchanga kabla hujafika ufukoni. Ya umeme ni safi na nyepesi kubeba kwa vipande, lakini betri ya wati-saa 500 kwenye injini ya wati 1,000 ni nusu saa tu ukiibana hadi mwisho. Ya aina yoyote ile, kamba ya kuzimia injini iwe mkononi kila safari.

Kikiwa kimetumika

Kijaze hewa kikamilifu, ukiache usiku kucha, ukisome asubuhi kwenye joto lile lile. Paka maji ya sabuni kwenye vali kwanza, ndipo uende kwenye mishono, kwa kuwa vali ndiyo huvuja mara nyingi na ndiyo rahisi kubadilisha. Shika ubao wa tezi kwa mikono miwili na uutikise: ukiona mstari wa gundi ukifunguka pale unapokutana na tyubu, bei ishuke sana au uache. Chokoa kwa ncha ya kisu pembeni mwa matundu ya bolti za injini. Plaiwudi iliyooza huanzia hapo, na kisu kitaingia bila kusukumwa. Mwisho, ukitaka kujua kitambaa ni cha aina gani, paka tone la kiyeyushi cha MEK mahali pasipoonekana: PVC hulainika na kunata kidoleni.