Mkono wa 6-7-8-8-9 ni pointi 16, si 12

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umeeleza vizuri jinsi karata zinavyogawiwa katika kribeji, mchezo wa karata wa kukusanya pointi, ila hesabu ya mkono wa mfano imekosewa. Mchezaji alishika 7, 8, 8 na 9, na karata iliyokatwa na kufunuliwa ikawa 6. Mmempa pointi 12. Anastahili 16.

Kosa lilipoingia panaonekana. Jumla za 15 mmezipata zote: 7 na 8 ya kwanza, 7 na 8 ya pili, kisha 6 na 9. Kila moja ni pointi 2, jumla 6. Jozi ya 8 ni 2. Mfuatano wa 6-7-8-9 mkauhesabu mara moja, pointi 4. Lakini zipo 8 mbili, na kila moja inajenga mfuatano wake, kwa hiyo ni 4 mara mbili. Wanaoanza wengi huteleza hapohapo.

Jozi ikiwa ndani ya mfuatano, zidisha. Tazama 4-5-5-6-6: 5 mbili kwa 6 mbili zinatoa mifuatano minne ya karata tatu, pointi 12. Kila mfuatano huo pia ni 15, kwa hiyo ongeza 8. Jozi mbili zinaleta 4. Jumla 24, na bado kuna watu huuandikia mkono huu 14 wakaridhika! Kinyume chake nacho ni kosa: katika 10-Jeki-Kwini-Kingi huo ni mfuatano mmoja wa pointi 4, usiuvunje ukadai tena 10-Jeki-Kwini.

Jeki, Kwini na Kingi huhesabiwa 10 katika kutafuta 15 tu. Kwenye jozi, 10 na Jeki si ndugu. Ree ni 1 na hukaa chini daima, hivyo Kwini-Kingi-Ree si mfuatano.

Karata nne za mkononi zikiwa za aina moja, tuseme zote kopa, ni pointi 4. Iliyofunuliwa ikiwa kopa pia, ni 5. Tatu za mkononi pamoja na iliyofunuliwa hazileti kitu. Katika kribu, yaani zile karata nne zilizotupwa kwa ajili ya mgawaji, masharti ni makali zaidi: zote tano ziwe aina moja, ama hupati. Ukishika Jeki wa aina ileile ya karata iliyofunuliwa, ongeza 1.

Hakuna mkono unaotoa 19, 25, 26 wala 27. Ukipata mojawapo, rudia hesabu kabla hujasogeza kijiti cha kuhesabia pointi ubaoni, hasa kama mmekubaliana kwamba pointi ulizosahau huchukuliwa na mpinzani.

Jambo moja hamkuligusa kabisa: asiyegawa huhesabu kwanza, kisha mgawaji mkono wake, mwisho kribu. Mchezo ukiishia 121, asiyegawa aliyefika 117 akiwa na mkono wa pointi 4 ameshinda, hata kama mgawaji ameshika 24 na yuko 120.

Msomaji wenu