Mpira wa nje upelekwe kulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wanaofundisha besiboli kwenye shule za Dodoma. Vijana wana nguvu, lakini wengi wanahimizwa kuvuta kila mpira, yaani kuupiga upande wa kushoto, na hapo tunapoteza besi (vituo anavyokimbilia mpigaji) bure.

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira unaopita karibu na mwili hugongwa mapema, shubiri moja hivi mbele ya mguu wa mbele, nao huenda kushoto wenyewe. Mpira wa nje, yaani unaopita ukingo wa mbali wa besi ya nyumbani (pale anaposimama mpigaji), usikimbiliwe. Auache uingie hadi usawa wa paja la mbele, ndipo augonge kuelekea kulia. Akiuvuta, gongo huugusa kwa ncha, tena kwa juu, na mpira hubingirika mpaka kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu. Huyo anaudaka na kumtoa mpigaji besi ya kwanza bila haraka.

Chanzo mara nyingi ni mguu wa mbele kukanyaga kuelekea besi ya tatu; bega nalo hufunguka. Akanyage kuelekea kwa mrushaji. Wengine, wakiambiwa wapeleke kulia, huusukuma mpira kwa mikono tu, ukapaa na kuishia kwenye glavu. Nyonga lazima izunguke, ila ichelewe kidogo, viganja vikitangulia kichwa cha gongo.

Zoezi lake halina gharama. Simamisha bomba la plastiki kwenye ndoo ya zege, mpira ukae juu yake kati ya goti na kiuno. Sogeza ndoo nje na nyuma kidogo, kisha apige akilenga kati ya besi ya kwanza na ya pili.

Akiwepo mkimbiaji besi ya pili na hakuna aliyetolewa, mpira wa chini kulia kwa kawaida humfikisha ya tatu hata mpigaji akitoka. Mkimbiaji akiwepo besi ya kwanza, mlinzi wa besi hiyo hulazimika kumkalia karibu, na pengo linabaki wazi kulia. Kwenye viwanja vyetu vya udongo mkavu usio na nyasi, mpira wa chini wenye nguvu hupita hapo kabla mtu hajainama. Kwa hiyo walimu, wekeni wakimbiaji kwenye besi hata siku za mazoezi.

Mpenzi wa besiboli,
Dodoma