Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo: chimba kwanza, ndipo uandike dawa

Ndugu Afisa Kilimo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki hii umepita tena. Ukayatazama mahindi yaliyonyauka ukiwa umesimama njiani, ukaandika dawa ileile ya kupuliza majani, kwa mara ya tatu. Tunashukuru kwa kututembelea. Viatu vyako viliondoka safi kama vilivyokuja.

Adui yuko chini, mheshimiwa. Mche ukikatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, fukua kwa vidole pembeni yake, sentimita 2 hadi 5. Utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja, wa kijivu, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Anakula usiku, ukipuliza saa sita mchana unamnyunyizia nani? Mmea ulionyauka wote na kung'oka bila ubishi umeliwa mizizi na funza mweupe wa mbawakawa: kichwa cha kahawia, jozi tatu za miguu, makalio meusi kwa udongo aliomeza. Hindi likinyauka jani la katikati tu, livute. Likichomoka, pasua bua kwa urefu, kipekecha bua huenda yumo. Huyo huwahiwa angali kwenye majani machanga ya juu. Akishaingia ndani, dawa inalowesha ganda tu.

Maharage ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Uliona majani ya njano ukaandika "upungufu wa mbolea". Shina lilikuwa limevimba na kupasuka pale linapogusa udongo! Ungebandua gome kwa ukucha ungeona vidude vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele: mapupa ya nzi wa maharage, yaani funza waliojifunga kabla ya kugeuka nzi. Mbolea haiui nzi. Mapema tungepandishia udongo shinani, mmea utoe mizizi mipya juu ya jeraha. Sasa tupandishie nini?

Uliahidi mwanzo wa msimu kuja na jembe. Tunakumbusha tu. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 20, udongo umwagwe juu ya gunia, ufikichwe, wadudu wahesabiwe. Rudia sehemu kadhaa, kwenye mimea inayoanza kunyauka. Uliokwisha kufa mdudu ameshauhama.

Hatuombi semina wala dawa ya bure. Tunaomba uchimbe. Jembe tutakubebea sisi.

Ni sisi wakulima wako.